Mlango wa Pumzi na Njia ya Tonge

Pumzi na chakula, vitu viwili ambavyo mwanadamu hana maisha pasipo navyo, havikupewa kila kimoja njia yake tangu mwanzo hadi mwisho. Hewa iingiayo kwa pua na tonge liingialo kwa kinywa hukutana nyuma ya ulimi, hushirikiana kwa kitambo katika koo, kisha huachana, hewa ikielekea mbele katika zoloto na bomba liendalo mapafuni, na chakula kikielekea nyuma katika umio ushukao tumboni. Kwa kuwa mlango wa hewa uko mbele na wa chakula uko nyuma yake, hapana tonge wala funda liwezalo kufika tumboni ila kwa kupita juu ya mlango wa mapafu au kandokando yake. Na jambo hili lilimstaajabisha hata Charles Darwin, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya viumbe alilitaja kuwa ni ajabu, kwamba kila chembe tuimezayo yapita juu ya tundu la pumzi na kuhatarisha kuangukia mapafuni. Walakini watu hula kutwa mara mbili au tatu, hunywa chai na maji kila wapatapo kiu, humeza mate yao mamia ya mara tangu alfajiri hadi usiku, na aghalabu hawapaliwi. Nakusudia kueleza ulinzi huo hutendeka vipi, na, lililo kubwa zaidi kwangu, kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya misiba ya kupaliwa tuionayo majumbani hutokana na sisi wenyewe kuliharakisha koo kabla halijawa tayari, au kulitwika kazi lisiyoiweza kwa wakati ule.

Kazi ya kumeza huanza kwa hiari na kumalizika pasipo hiari. Maadamu tonge lingali kinywani, meno yakilisaga na mate yakililainisha, mwenye kula ana uwezo wa kulizuia, kuligeuza, hata kulitema. Lakini pindi ulimi unapolisukuma nyuma na kuligusisha kuta za koo, habari hupelekwa kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye shina la ubongo, mahali panapotawala pia mwendo wa pumzi, na kutoka hapo hutolewa amri ambayo mtu hawezi tena kuirudisha. Papo hapo kaakaa laini hupanda na kuziba njia ya puani, pumzi husimama, nyuzi za sauti, zilizo ndani ya zoloto, hukutana na kuufumba mwanya ulio kati yake, juu yake mikunjo mingine miwili ya nyama, ambayo wengi hawajapata kuisikia, nayo hujikaza, na gegedu ndogo zilizo nyuma ya zoloto huinama mbele mpaka zikagusana na shina la kidakatonge, kile kipande chembamba cha gegedu kilichosimama nyuma ya ulimi. Wakati huohuo zoloto zima huvutwa juu na mbele, likajisitiri chini ya shina la ulimi, na kwa kuvutwa huko hutimiza mambo mawili kwa pamoja, kwani hujiondoa katika njia ya tonge na tena husaidia kuufungua mdomo wa umio, ambao wakati usio wa kumeza hubaki umefumbwa. Msomaji atakaye yakini na aweke vidole viwili taratibu juu ya kikoromeo chake, kisha ameze mate, naye atakihisi kikipanda na kushuka chini ya vidole vyake.

Hayo yote, tangu tonge kuingia kooni hadi kutoweka katika umio, huchukua takriban sekunde moja, ijapokuwa safari ya umio wenyewe, wenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, huweza kuchukua sekunde nane au kumi kwa chakula kigumu. Na katika jambo hili kuna hekima ndogo ambayo nadhani watu wengi wameipita bila kuitazama: kwa mtu mzima mwenye afya, pumzi aghalabu husimama alipokuwa akiitoa, na baada ya kumeza huendelea kutoka kidogo kabla ya kuvutwa mpya, hata ikiwa pamesalia chembe mlangoni mwa zoloto, chembe hiyo hupulizwa nje badala ya kuvutwa ndani. Acheke mtu ghafula akiwa na funda kinywani, au ashtuke, au avute pumzi ya kutaka kujibu neno aliloulizwa, na mpango huo wote utapinduka, kwa kuwa hewa itavutwa ndani kwa nguvu wakati ule ule ambapo mlango ulitakiwa kufungwa.

Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba kidakatonge hufunika bomba la hewa kama kifuniko kifunikavyo chungu, na kwamba ulinzi wote ni huo. Habari hii si ya uongo, kwani kidakatonge huinama kweli na kuligawa funda lipite pande mbili. Lakini ni habari pungufu. François Magendie, tabibu wa Ufaransa, alionyesha tangu mwaka 1813 kwamba mnyama aliyeondolewa kidakatonge huweza kumeza bado pasipo chakula kumwingia katika bomba la hewa, maadamu zoloto lenyewe ni zima na lajifunga. Baadaye, mwaka 1896, mwaka mmoja tu tangu kugunduliwa miale ya eksirei, Walter Cannon, aliyekuwa angali mwanafunzi wa udaktari katika Harvard huko Marekani, aliitumia miale hiyo kutazama chakula kikishuka katika shingo ndefu ya bata bukini. Na kutokana na njia hiyo matabibu wa leo, katika hospitali kubwa, humpa mgonjwa chakula kilichochanganywa na dawa ya beriamu wakatazama katika picha ziendazo ni wapi panapovuja. Nimeyataja haya kwa sababu yanabadili nasaha yenyewe. Ingekuwa ulinzi wetu ni kifuniko kimoja, ungetegemea uzima wa kifuniko hicho tu. Lakini kwa kuwa ni mpango wa misuli mingi itendayo kazi kwa zamu katika muda wa sekunde moja, basi kila kinachovuruga zamu hiyo, kiwe haraka, usingizi, ulevi, homa ya degedege, kiharusi au mkono wa mlezi asiye na subira, ni adui wa mapafu.

Ulinzi huo una msaidizi wake, nacho ni kikohozi. Ngozi laini ya zoloto ina mishipa ya fahamu mingi na mikali, hata tone moja la maji likiangukia mahali pasipo pake, nyuzi za sauti hujibana kwa nguvu, kisha kifua hukusanya hewa na kuitupa nje kwa kishindo. Mtu akipaliwa na kukohoa kwa nguvu, macho yakamtoka machozi na sauti ikakwaruza, mwili wake umo katika kujiokoa, na la kumfanyia ni kumwacha akohoe, akiwa ameinama mbele kidogo, bila ya kumtwisha maji ya kunywa. Maji hayo, ambayo huletwa kwa mapenzi na kwa haraka, humlazimisha kumeza wakati anahitaji kupumua. Wa kuogopewa ni yule asiyekohoa. Kuna wazee, na kuna wagonjwa wa kiharusi, ambao hisia ya zoloto lao imepooza, na ambao chai huwashukia mapafuni kila siku bila ya kikohozi hata kimoja, wakawa hawajulikani mpaka wapatapo homa ya mapafu mara ya pili na ya tatu, nitarejea kwao.

Tuanze kwa walio wazima. Adabu za kula tulizofundishwa utotoni, chuoni na nyumbani, za kuketi, kufanya tonge dogo, kutafuna kabla ya kumeza, kutosema na chakula kinywani, na kunywa maji kwa mafunda matatu huku ukikiondoa chombo mdomoni ili kupumua, zilifundishwa kwa ajili ya heshima na ibada, nami sitaki kuzigeuza kuwa somo la udaktari. Lakini mwenye kuzishika hulipa koo kila linachokihitaji, yaani kiwiliwili kilichonyooka, kiasi kidogo kwa mara moja, na nafasi ya pumzi baina ya funda na funda. Kinyume chake ni desturi iliyoenea sasa ya kula ukitembea, au ukiwa umejilaza mbele ya televisheni, au ndani ya gari liendalo kwa mirukomiruko, huku simu ikiwa sikioni. Ifahamike pia kwamba maji matupu ni mepesi kuliko vyote kukosea njia, kwa kuwa hukimbia kooni kabla zoloto halijawahi kujifunga sawasawa, ilhali uji mzito au ndizi iliyopondwa hushuka polepole na kulipa koo wasaa; na kilicho kigumu zaidi kwa koo dhaifu ni kile kilichochanganya mambo mawili, kama mkate mkavu uliochovywa chai, au mchuzi wenye vipande vya nyama, kwa sababu maji yake hutangulia wakati nyama ingali ikitafunwa.

Kwa watoto jambo ni zito zaidi, na hapa nasema kwa uchungu. Mtoto mchanga ameumbwa na zoloto lililo juu, karibu na kaakaa, hata kidakatonge chake hukaribia kugusana na kaakaa laini na maziwa hupita pembeni. Kwa umbo hilo, na kwa zamu ya kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi aishikayo mwenyewe, hunyonya kwa muda mrefu bila ya kutweta. Mwenye kushika zamu ni yeye. Lakini iko desturi, ambayo nimeiona na kuisikia ikitetewa na wanawake wenye huruma kubwa, ya kumlaza mtoto chali mapajani, kukinga kiganja mdomoni mwake, kummiminia uji, na anapokataa kuzibana pua zake ili alazimike kufumbua kinywa. Mtoto huyo hana hiari ya kumeza wala ya kutomeza. Huvuta pumzi kwa sababu anasongwa, na uji huenda na pumzi. Wako waliofia mikononi mwa mama zao kwa namna hiyo, na wengine wengi huishi na kifua kisichopona. Mtoto wa chini ya miezi sita hana haja ya uji, maziwa ya mama yamtosha. Na aliyefika umri wa kula na aketishwe, alishwe kwa kijiko kidogo, angojwe ameze, na akigeuza uso, basi ameshiba au amechoka, na kijiko kiwekwe chini.

Watoto wa miaka miwili na mitatu huangamia kwa karanga, njugu, punje za mahindi, mbegu za ukwaju na za machungwa, shanga, vifungo vya nguo, sarafu na betri ndogo za saa. Magego yao ama hayajaota ama hayajawa na nguvu ya kusaga, nao hula wakikimbia na kucheka. Karanga na kashata zisipewe mtoto aliye chini ya miaka mitano zikiwa nzima, zipondwe. Punje ikipita nyuzi za sauti bila ya kuziba zoloto, aghalabu huangukia upande wa kulia, kwa kuwa tawi la bomba la hewa liendalo pafu la kulia ni pana na limesimama wima kuliko la kushoto; na hapo huja udanganyifu ambao kila mzazi yampasa kuujua: kikohozi kikali hutulia, mtoto akarudi kucheza, watu wakamshukuru Mungu, na baada ya siku kadhaa huanza kukorota, kukohoa usiku na kupata homa, akapewa dawa za kifua zisizomfaa kitu, kwa sababu punje imo ndani bado. Mtoto aliyepaliwa ghafula alipokuwa akila karanga au akichezea shanga, hata akionekana mzima, na apelekwe hospitali, na tabibu aambiwe waziwazi kwamba alipaliwa na kitu fulani saa fulani. Maneno hayo huenda yakamfaa kuliko picha ya eksirei, ambayo haionyeshi karanga.

Na maadamu tumetaja kikohozi cha watoto, haifai kukipita kimeo. Kimeo, au kilimi, ni kile kinyama kining'iniacho mwisho wa kaakaa laini, nacho kwa muda mrefu kimetuhumiwa kuwa ndicho kinachowakohoza watoto na kuwatapisha, mpaka wako waganga wafanyao kazi ya kukikata kwa wembe au kisu cha kupinda. Kukua kwake si sababu ya kikohozi kisichokwisha. Kikohozi hicho huenda kikawa pumu, au kifua kikuu, au homa ya mapafu, au ile karanga niliyoieleza sasa hivi. Mtoto aliyekatwa hubakia na maradhi yake yale yale, na juu yake huongezewa jeraha litokalo damu mlangoni mwa bomba la hewa, pamoja na hatari ya pepopunda na ya usaha kuenea shingoni. Waganga wa hospitali huwapokea watoto hawa wakiwa wameishiwa damu. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana kimeo na amchukue zahanati, apimwe kifua.

Yapo pia mambo ya dharura ambayo huruma yetu hugeuka kuwa madhara. Mtu aliyezimia, au aliyeanguka kwa kifafa, au mtoto aliyeshikwa na degedege, hana amri ya shina la ubongo iliyo kamili. Zoloto lake halipandi kwa wakati wake, na kikohozi chake kimelala. Kwa hiyo kumnywesha maji, maziwa, au dawa ya mitishamba ni kumtilia mapafuni. Alazwe kwa ubavu, mate na matapishi yapate kutoka nje, asitiwe kijiko wala kidole baina ya meno. Vivyo hivyo mlevi aliyelala fofofo asiachwe chali. Na mtoto aliyekunywa mafuta ya taa, msiba unaotokea majumbani kwa sababu mafuta huwekwa katika chupa za soda, asitapishwe kwa hali yoyote wala asinyweshwe maziwa kwa nia ya kumtapisha. Mafuta hayo hudhuru zaidi yaingiapo mapafuni, na matapishi huyarudisha kwa njia ile ile ya zoloto mara ya pili.

Kwa sababu hiyo hiyo hospitali humkataza mgonjwa kula kabla ya kupasuliwa, katazo ambalo ndugu huliona kuwa ni ukatili, wakampenyezea kwa siri kipande cha mkate au kikombe cha uji. Dawa ya usingizi huulaza ulinzi wote nilioueleza, na chakula kilicho tumboni huweza kupanda na kumiminikia mapafuni pamoja na asidi yake. Curtis Mendelson, tabibu wa New York, alilieleza janga hili kwa wazazi waliopewa usingizi wakati wa kujifungua, katika maandishi yake ya mwaka 1946, na tangu hapo kanuni zimekazwa. Aghalabu mtu mzima huambiwa asile chakula kwa saa 6 na asinywe hata maji kwa saa 2 kabla ya kupasuliwa. Aliyekula naye aseme, asione haya. Kuahirisha upasuaji ni jambo jepesi.

Sasa nirudi kwa wazee na wagonjwa wa kiharusi, ambao ndio hasa walionifanya niandike. Katika siku za kwanza za kiharusi wengi wa wagonjwa, pengine nusu yao au zaidi, hawawezi kumeza salama, hata kama wanaweza kusema. Na jambo la kwanza wafanyalo jamaa wafikapo kitandani ni kumwinulia mgonjwa kikombe cha chai. Asipewe kitu kinywani, chakula wala maji wala kidonge, mpaka muuguzi au tabibu amjaribu kwa kijiko cha maji na kumsikiliza. Ikithibitika kwamba aweza kula kwa tahadhari, kazi ya kumlisha huwa ni ya nyumbani, na mafanikio yake yamo katika mambo madogo. Aketishwe wima kwa mito, kichwa kisilale nyuma. Na ikiwa mtaalamu ameagiza ainamishe kidevu wakati wa kumeza, basi aagizwe kwa kila kijiko. Anayemlisha aketi mbele yake, usawa wa macho, asimsimamie kwa juu, kwani anayelishwa na aliyesimama huinua kidevu, na kidevu kikiinuka njia ya hewa hufunguka. Kijiko kiwe kidogo, cha chai, na kabla ya kijiko cha pili lazima kikoromeo kionekane kimepanda na kushuka, na kinywa kitazamwe, hasa shavu la upande uliopooza, ambamo chakula hujificha bila ya mgonjwa kuhisi. Asichekeshwe, asiulizwe habari, redio izimwe. Baada ya kula abaki ameketi kwa nusu saa hivi.

Mlezi ajizoeze kuisikiliza sauti. Mgonjwa akimaliza kunywa aambiwe aseme neno. Sauti ikitoka ina majimaji, kana kwamba yachemka, kuna kitu juu ya nyuzi za sauti, na inampasa akohoe na ameze tena kabla ya kuendelea. Alama nyingine ni kula kwa muda mrefu kupita kiasi, kukonda, homa zirudizo rudizo bila ya malaria kuonekana, na kukataa vinywaji ambavyo zamani alivipenda. Vinywaji vizito huwafaa baadhi yao kuliko maji, lakini kiasi cha uzito na kiagizwe na mtaalamu, kwa kuwa kilicho kizito mno hubaki kooni, na mgonjwa aliyekatazwa maji bila ya kupangiwa badala yake hukaukiwa mwili. Na liko jambo moja ambalo hupuuzwa kwa sababu halina gharama: kinywa cha mgonjwa kisafishwe asubuhi na usiku, meno yapigwe mswaki, ulimi ufutwe kwa kitambaa, meno ya bandia yatolewe na kuoshwa. Mate yatampotea njia tu, mchana na usiku, hata asipokula kitu. Na mate ya kinywa kichafu ndiyo yaletayo homa ya mapafu kwa haraka.

Mwiba wa samaki ni mashaka ya namna nyingine, kwani aghalabu hukwama katika kuta za koo au karibu na mafindofindo wala hauzibi pumzi. Dawa ya kumeza tonge kubwa la ugali au la wali mkavu ili kuusukuma, ambayo pwani nzima yaijua, huenda ikaudidimiza mpaka ukatoboa umio. Mwiba usiotoka kwa kukohoa na kusukutua, tabibu auondoe kwa koleo.

Yabaki yale ambayo mtu hana wasaa wa kwenda kuuliza, nayo ni pale kitu kinapoziba zoloto kabisa. Dalili yake ni ukimya: mtu amejishika shingo, hasemi, hakohoi, midomo yageuka rangi, na ukimwuliza kama amesakamwa huitika kwa kichwa tu. Mwinamishe mbele, umshike kifua kwa mkono mmoja, na kwa sehemu ngumu ya chini ya kiganja cha mkono wa pili umpige kwa nguvu mara 5 katikati ya mabega. Kitu kisipotoka, simama nyuma yake, mzungushe mikono, weka ngumi juu ya kitovu na chini ya mfupa wa kifua, na kwa mkono wa pili uivute ngumi hiyo ndani na juu kwa ghafula, mara 5. Ndiyo njia iliyoelezwa na Henry Heimlich wa Marekani mwaka 1974, nayo hufanya kazi kwa kuikamua hewa iliyosalia mapafuni ili iusukume uzibo kwa chini. Endelea kwa zamu, mapigo ya mgongo na mikandamizo ya tumbo. Mwanamke mwenye mimba iliyokua, na mtu mnene ambaye mikono haimzunguki, wakandamizwe kifuani badala ya tumboni. Mtoto asiyetimia mwaka asiguswe tumbo kabisa: alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, apigwe mgongoni mara 5, kisha ageuzwe na kukandamizwa katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Kidole kisitiwe kinywani kutafuta kisichoonekana, maana hukisukuma ndani; kinachoonekana na kufikika ndicho kiondolewe. Mtu aliyesakamwa akipoteza fahamu, alazwe chali juu ya kitu kigumu, kifua kikandamizwe mara 30 kwa kila pumzi 2 za kupulizwa, na gari liitwe papo hapo. Aliyeokolewa kwa mikandamizo ya tumbo aende hospitali hata kama anacheka, kwani viungo vya ndani huweza kuumia.

Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi, na hakuna mji wetu ambao gari la wagonjwa hufika kwa yakini katika muda huo. Basi nakusihi, ewe msomaji, ikiwa nyumbani mwako yumo mtoto mdogo, au mzee, au mgonjwa wa kiharusi, uyatafute mafunzo haya kwa vitendo kwa Msalaba Mwekundu au katika hospitali iliyo karibu nawe, wewe pamoja na mwenzio na yule binti anayewalishia mtoto mkiwa kazini, kabla ya mwezi huu kwisha.